Mbegu Iliyoko Barafuni Nayo Huzeeka

Ndugu Mwenyekiti, wahifadhi wenzangu, wakulima mliotukabidhi mbegu zenu, nanyi wanafunzi mnaoingia katika kazi hii, nawasalimu nyote.

Kwenye meza ile mnaona karatasi nne zilizoviringishwa, zimesimamishwa ndani ya chombo cha plastiki. Kila moja imebeba mbegu 50 za kunde. Mbegu hizo zilitoka kwenye friza, zikapangwa mistari juu ya karatasi iliyoloweshwa, zikaviringishwa, na leo zimetimiza siku ya nane. Sijazichungulia. Tutazifungua pamoja nikimaliza kusema, maana niliyokuja kuyasema yamo mle.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mambo mengi nakubaliana nao. Akiba ya mbegu, hata hivyo, huoza. Haitoi harufu wala haioti ukungu. Inaoza kimya kimya, imetulia ndani ya pakiti yake, rangi ileile, uzito uleule. Unaifungua baada ya miaka 30, unaipanda, unasubiri, hakichomozi kitu. Ndiyo maana naumia ninaposikia mtu anasema aina fulani ya zao "iko salama, imeshawekwa kwenye benki ya mbegu," kana kwamba kazi imekwisha siku mlango wa friza ulipofungwa. Mbegu ni kitu hai. Baridi inapunguza mwendo wa kuzeeka kwake, haiuzuii.

Niseme kwanza kwa nini tunajisumbua hivi.

Mwaka 1948 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Jack Harlan, alikusanya ngano huko Uturuki. Sampuli mojawapo ikasajiliwa kwa namba PI 178383. Harlan mwenyewe hakuisifia. Shina lake lilikuwa refu na jembamba, ikilala chini kabla ya kuvunwa, ikishambuliwa na ugonjwa wa kutu ya majani, haikustahimili baridi kali, na unga wake haukufaa kuokea mkate. Ikawekwa stoo, na kwa karibu miaka 15 hakuna aliyeitafuta. Kisha katika miaka ya 1960 kutu ya manjano ikavamia ngano kaskazini-magharibi mwa Marekani. Watafiti wakaanza kupima sampuli moja baada ya nyingine, na ile ngano duni ikaonekana ina kinga dhidi ya aina nne za kutu hiyo, pamoja na aina nyingi za ugonjwa wa fugwe. Ikaingia kwenye kazi ya kuzalisha ngano mpya, na kinga yake ikafika mashambani.

Nataka wanafunzi mtulie kidogo kwenye kisa hiki. Mwaka 1948 hakukuwa na mtu duniani ambaye angeweza kujua thamani ya ile ngano. Laiti mhifadhi angechagua kwa macho, angeitupa, na angekuwa na sababu zote za kuitupa. Sisi hatuhifadhi mbegu kwa sababu ni nzuri. Tunazihifadhi kwa sababu hatujui zimebeba nini, wala hatujui ugonjwa gani unakuja kesho.

Kisa cha pili ni cha mpunga, na kina jambo ndani yake ambalo nitalirudia baadaye. Kuelekea miaka ya 1970, kirusi kinachodumaza mpunga na kuufanya uonekane kama nyasi kilianza kuharibu mashamba ya Asia. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, huko Ufilipino, ilipima sampuli zaidi ya 6,000. Kinga ikapatikana kwenye sampuli moja tu, ya mpunga-mwitu uitwao Oryza nivara, uliotoka India. Na ndani ya sampuli hiyo moja, si mimea yote iliyokuwa na kinga. Ilikuwa michache. Kinga hiyo ndiyo iliyoingizwa kwenye IR36, mpunga uliotolewa kwa wakulima mwaka 1976 na kuenea kwenye mamilioni ya hekta.

Sasa turudi kwenye friza.

Adui wa kwanza wa mbegu ni maji. Joto linafuata. Ipo kanuni ya kukadiria tunayoiita kanuni ya Harrington: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, maisha yake yanaongezeka mara mbili, na kila unaposhusha joto kwa nyuzi 5 za Selsiasi, yanaongezeka tena mara mbili. Ni makadirio tu na yana mipaka yake, lakini hebu fanyeni hesabu. Mbegu yenye unyevu wa asilimia 12 ukiikausha hadi 8, umeongeza maisha yake mara 16, na hujawasha mashine yoyote ya baridi. Ndiyo sababu nawaambia wenye bajeti ndogo: kausheni kwanza. Nimeona watu wakikimbilia kununua friza wakati hawana chumba cha kukaushia. Mbegu yenye maji mengi ukiigandisha, barafu inaumbika ndani ya chembehai zake na kuzipasua. Unakuwa umeiua kwa umeme wa gharama.

Viwango vya kimataifa vinasema mbegu ikaushwe taratibu, kwenye nyuzi 5 hadi 20, katika hewa yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 25. Baada ya hapo ifungwe kwenye pakiti isiyopitisha hewa, na kwa akiba ya muda mrefu iwekwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikikaushwa juani kwa pupa, inaungua kabla haijakauka.

Jambo dogo ambalo limeharibu mbegu nyingi: pakiti ikitoka kwenye friza, usiifungue. Iache mezani mpaka ipate joto la chumba, hata ikibidi ilale hapo usiku kucha. Ukiifungua ikiwa baridi, mvuke wa hewani unageuka matone juu ya mbegu, kama unavyoona kwenye glasi ya maji baridi. Kwa dakika chache unarudisha unyevu uliotumia wiki nzima kuuondoa. Sitachoka kulisema hili. Mwenye haraka ya kupima mbegu tano anaweza kuharibu mbegu 5,000.

Hata tukifanya yote hayo vizuri, saa inaendelea kutembea. Zipo mbegu zinazotushangaza kwa ukaidi wake. Mwaka 1879 William Beal, huko Michigan, alifukia ardhini chupa 20 zenye mbegu za magugu ili zifukuliwe kidogo kidogo. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilitoa miche. Lakini hayo ni magugu, na ni machache yaliyobaki. Kitunguu na karanga hazina subira hiyo. Kwa hiyo hatubahatishi, tunapima. Tunatoa mbegu 200, tunazilaza kwenye karatasi kama zile pale, tunahesabu zilizoota. Sampuli iliyoanza na uotaji wa asilimia 96 ikishuka hadi karibu 82, muda umefika wa kuipeleka shambani ikazae upya.

Na kila kipimo kinakula mbegu. Mnalielewa hilo? Pakiti ina mbegu 2,000, kila unapoiuliza kama bado iko hai unailipa mbegu 200. Ukiiuliza mara kwa mara, utaimaliza kwa maswali. Usipoiuliza, itakufa bila kukuambia. Mhifadhi anaishi katikati ya hofu hizo mbili, na hakuna kitabu kitakachomwondolea. Anachohitaji ni kujua tabia ya kila zao, aliwahi kulipima lini, na lilijibu nini.

Hapa ndipo ninapofika kwenye moyo wa maneno yangu: kuhuisha mbegu, yaani kuirudisha shambani ikazae mbegu mpya. Ni kazi isiyopigwa picha. Waheshimiwa huja kuzindua jengo na kukata utepe mbele ya friza; sijamwona anayekuja kuzindua shamba la kuhuisha. Lakini uanuwai wa kijenetiki tunaousema kila siku, yaani zile tofauti za urithi kati ya mmea na mmea, hubaki au hupotea hapo.

Chukueni sampuli ya zao linalojichavusha lenyewe, kama mpunga au ngano. Tuseme mmea mmoja katika kila 20 umebeba jeni fulani ya kinga. Msimu huo fedha ni kidogo, shamba ni dogo, mhifadhi anapanda mimea 10. Uwezekano wa ile jeni kutokuwemo kabisa kati ya mimea hiyo 10 ni karibu asilimia 60. Angepanda 59, uwezekano wa kuikosa ungeshuka chini ya asilimia 5. Mimea 49 tu ya tofauti! Na aliyepanda 10 haoni alichopoteza. Anavuna mbegu safi, nono, zinazoota kwa asilimia 98. Anajaza pakiti, anaandika namba ileile na jina lilelile. Kwa daftari, sampuli ipo. Jeni haipo, wala haitarudi.

Sasa ukumbukeni ule mpunga-mwitu wa India. Kinga ilikuwa kwenye mimea michache ya sampuli moja. Lau kabla ya hapo mtu aliyebanwa na nafasi angeihuisha sampuli ile kwa mimea mitano, pengine wangepima zote 6,000 na kuondoka mikono mitupu, bila hata kujua walichokuwa nacho jana.

Mnaweza kusema, basi tusihuishe mara kwa mara, tusubiri. Kusubiri nako kuna bei yake. Mbegu zinapokufa hazifi kwa kura. Ndani ya pakiti moja zipo za uzao unaozeeka haraka na zipo za uzao mgumu. Uotaji ukishuka hadi asilimia 40, zilizobaki hazifanani tena na zile ulizoweka. Ni za wale waliostahimili friza, na kustahimili friza si sifa ambayo mkulima yeyote aliwahi kuiomba. Ndiyo maana kiwango cha kuanza kuhuisha kikawekwa juu, kwenye 85 kwa mia ya uhai wa mwanzo, wakati bado karibu wote wapo.

Kwa mazao yanayochavushana, kama mahindi, mzigo ni mzito zaidi. Chavua husafiri kwa upepo. Ukipanda sampuli mbili jirani bila kuzikinga, unavuna mchanganyiko, na majina mawili yanabaki yakiita kitu kimoja. Nimesimama alfajiri na wenzangu tukifunika mahindi kwa mifuko ya karatasi, kila hindi kabla nywele zake hazijachomoza, kisha kukusanya chavua kutoka mimea mingine ya sampuli ileile na kuinyunyiza kwa mkono. Mmea kwa mmea, mamia yao, kwa siku zilezile chache ambazo nywele ziko tayari. Hakuna mashine inayofanya hivyo. Ni mikono ya vibarua na mafundi ambao majina yao hayaandikwi kwenye ripoti yoyote, na mikataba yao ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zikipungua. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewaona wakiondoka na ujuzi wa miaka 20 vichwani mwao.

Methali nyingine inatufaa zaidi kuliko ile ya akiba: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokuwa kijana kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, tulihamisha mbegu kutoka chumba kimoja cha baridi kwenda kingine. Lebo zilikuwa zimeandikwa kwa wino usiostahimili unyevu, nje ya pakiti tu. Tukabaki na pakiti 11 za maharage zisizo na namba. Yalikuwa maharage mazuri, mengine yana madoa mekundu, mengine meusi yanayong'aa kama shanga. Tuliyapima, yakaota. Lakini hatukujua yametoka wapi, nani aliyapanda, mahali pa juu au bondeni, penye mvua au penye ukame, wala kwa nini mkulima wake aliyashikilia miaka yote hiyo. Mbegu zilikuwa hai, zimepoteza ukoo. Tangu siku hiyo kila pakiti ninayoifunga ina lebo mbili, moja ndani na moja nje, na rekodi yake inanakiliwa mahali tofauti.

Suala la daftari ni kubwa kuliko lebo. Mwaka 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa dunia ina sampuli zipatazo milioni 7.4 katika hifadhi zaidi ya 1,700. Idadi inatia moyo mpaka usome mstari unaofuata: chini ya theluthi moja ndizo sampuli za kipekee, nyingine ni nakala za nakala. Nakala moja ya usalama katika nchi nyingine ni lazima. Nakala kumi zisizojuana, kila moja ikihuishwa nusunusu kwa mimea michache, ni fedha na jasho vilivyotawanywa. Afadhali mbili zinazotunzwa vizuri, na hilo haliwezekani bila rekodi zinazosomana.

Kuhusu maangamizi makubwa sitakaa sana, kwa kuwa mengi mnayajua. Mji wa Leningrad, huko Urusi, ulipozingirwa na jeshi la Ujerumani kuanzia Septemba 1941, watumishi wa taasisi iliyojengwa na mtaalamu wa mimea Nikolai Vavilov walikufa kwa njaa wakilinda maghala ya mbegu, miongoni mwao Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, aliyekufa akiwa na maelfu ya pakiti za mpunga pembeni yake. Vavilov mwenyewe alikuwa gerezani Saratov, akafia humo Januari 1943. Huwa nanyamaza kila ninapofika hapo. Lakini kuna jambo husahaulika katika kisa hicho: viazi. Viazi havikai kwenye pakiti. Walivichimba kwenye shamba la majaribio la Pavlovsk, nje ya mji, mizinga ikilia, wakavitunza visigande majira ya baridi, na mwaka 1942 wakavipanda tena, katika mji uliozingirwa, kwa sababu kiazi hakingoji vita iishe.

Hifadhi ya mbegu ya dunia ya Svalbard, iliyofunguliwa Norwe mwaka 2008 ndani ya mlima wenye barafu, imetupa nafasi ya pili. Vita vya Syria vilipoifikia hifadhi ya ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, huko Tal Hadya, karibu na Aleppo, nakala zake nyingi zilikuwa tayari zimepelekwa kule. Mwaka 2015 ICARDA ikawa ya kwanza kuomba mbegu zake. Magazeti yalipiga picha za masanduku. Kilichofuata hakikupigwa picha nyingi: mbegu zilipelekwa Lebanoni na Moroko, zikapandwa, zikapaliliwa, zikatengwa, zikavunwa, zikakaushwa, zikapimwa, na mwaka 2017 sehemu yake ikaanza kurudishwa Svalbard. Mlima ulizishika tu. Waliozirudishia uhai ni watu wa shambani. Tena tusisahau kwamba Svalbard haihuishi mbegu za mtu. Sanduku linabaki la aliyelileta, na mbegu zikizeeka ndani yake, mwenye kuleta nyingine ni yeye.

Yapo mazao ambayo yote niliyosema hayayahusu. Mbegu ya kakao, ya embe, ya mnazi, ukiikausha inakufa. Muhogo, ndizi na viazi vitamu tunavipanda kwa vipande na machipukizi. Hayo hutunzwa shambani yakiwa mimea hai, au kwenye chupa za maabara, au ncha zake ndogo hugandishwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni gharama zaidi, na yanastahili hotuba yake.

Sasa wakulima, ambao nimewaacha hadi hapa ingawa kila sampuli tuliyonayo ilianzia mikononi mwenu au mwa wazazi wenu. Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, ulioanza kutumika mwaka 2004, unazitambua haki za wakulima kwa jina. Kwenye meza zetu haki hiyo ina sura rahisi sana. Mkulima aliyetoa mbegu akija miaka 20 baadaye, ukame umemmalizia za kwake, apewe. Asiambiwe aandike barua tatu. Asiulizwe ni mtafiti wa chuo gani. Nimewahi kumwona mama mmoja akipokea mtama ambao familia yake iliutoa zamani. Alimimina mbegu kiganjani, akazigeuzageuza kwa kidole, akataja jina lake la nyumbani, jina ambalo halikuwa kwenye rekodi yetu hata moja. Tuliliandika papo hapo. Na shamba la mama yule linafanya kitu ambacho friza haiwezi: mtama wake unaendelea kukutana na magonjwa mapya na misimu mipya, unabadilika nayo. Sisi tumeshika jana yake, yeye ameshika leo. Tunahitajiana.

Nawaomba mnaogawa fedha: kabla ya kununua chumba kingine cha baridi, ulizeni sampuli ngapi zilizomo katika vilivyopo zimepimwa katika miaka 10 iliyopita, na ngapi zinangoja shamba. Mkipewa jibu la haraka, kaeni chini mhesabu pakiti wenyewe.

Basi tusogee mezani. Wanafunzi wanne waje mbele, kila mmoja achukue karatasi yake na kuifungua polepole, mizizi isikatike. Mche wa kawaida una mzizi mweupe na shina lililosimama imara, huo uhesabuni. Uliopinda bila mzizi wa maana, uwekeni pembeni. Mbegu ambayo bado ni ngumu kama kokoto haijafa, haijanywa maji tu, nayo iandikwe peke yake. Ukibonyeza ikatoa maji na kubonyea, hiyo imekufa. Pakiti hii ilifungwa mwaka 1994 ikiwa na uotaji wa asilimia 97. Anzeni kushoto, mmoja ahesabu kwa sauti, mwingine aandike.